Haki ya Mtoto Aliye Tumboni: Juu ya Tumbaku na Chakula cha Mja Mzito

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyemuumba mwanadamu kwa tone la manii kisha Akamweka katika makao madhubuti. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na ahli zake, na masahaba zake wote. Ama baad.

Katika vitabu vya fiqhi tunavyovisoma katika darasa zetu iko mas-ala ambayo aghalabu hupitiwa upesi, kwa kuwa kila msomaji huona haimhusu. Nayo ni mas-ala ya diya ya mtoto aliye tumboni. Wamepokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira kuwa wanawake wawili wa kabila la Hudhail waligombana, mmoja akamtupia mwenziwe jiwe, likamuua yeye na kilichokuwamo tumboni mwake. Mtume (s.a.w.) akahukumu kuwa kile kilichokuwamo tumboni kina diya yake peke yake, mbali na diya ya mama. Akasimama mtu mmoja katika jamaa za aliyehukumiwa akateta: vipi atatozwa kwa ajili ya kiumbe ambaye hajala, wala hajanywa, wala hajatoa sauti wala kilio? Mtume hakuikubali hoja hiyo, na akamfananisha msemaji na makuhani kwa vina alivyovipanga.

Ndugu zetu wa Kwale, kuanzia Ng'ombeni na Tiwi hadi Vanga na Lunga Lunga, mtu yule amekufa zamani lakini hoja yake ingali hai kwetu. Haisemwi kwa ulimi. Husemwa kwa vitendo. Mume anapowasha sigara chumbani alimolala mkewe mwenye mimba ya miezi sita, huwa anasema hayo hayo: huyo aliyemo humo hajala, hajanywa, hajalia, basi ana haki gani juu yangu? Na mama anapolitia shavuni tonge la tambuu na tumbaku akijua ana mja tumboni, naye huwa amekubaliana na mteti yule, ijapokuwa hajui.

Tena tazameni kisa cha yule mwanamke wa Ghamid, alichokitoa Muslim katika Sahihi yake. Alikuja kwa Mtume akikiri kosa ambalo adhabu yake ni kifo, naye ni mja mzito. Mtume hakumsimamishia hadi siku ile. Alimrudisha mpaka azae. Alipozaa akaja na mtoto, akarudishwa tena mpaka amnyonyeshe na kumwachisha ziwa. Na alipokuja mara ya mwisho mtoto alikuwa na kipande cha mkate mkononi, kuonyesha kuwa sasa aweza kula. Zingatieni, enyi wenye akili. Hukumu ya Mwenyezi Mungu, ambayo hapana kiumbe awezaye kuifuta, ilingojea mimba itoke na ziwa likatike, ili mtoto asidhurike kwa jambo asilolitenda. Je, sigara ndiyo isiyoweza kungoja?

Na wanazuoni hawakuishia kwenye jiwe na fimbo. Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Malik, walipokuwa wakiisherehesha Mukhtasari ya Sheikh Khalil, walifika hata kuizungumza harufu: mtu akiwa na kitu ambacho harufu yake yaweza kumtoa mimba mwanamke wa jirani, yampasa nini. Hawa ni watu waliokuwa hawajui hospitali wala darubini, na juu ya hivyo walijua kuwa madhara yaweza kumfikia mtoto kwa njia ya pua ya mamake. Sisi tulio na hospitali pale Msambweni, na Kwale, na Kinango, twajifanya hatujui.

Sasa tuiseme tumbaku yenyewe, maana wako watakaosema: «Wake zetu hawavuti sigara.» Hayo ni kweli, na uchunguzi wa nchi nzima wa Kenya wa mwaka 2014 waonyesha hivyo: katika kila wanawake 1,000 walio watu wazima, wavutao hawazidi 8. Lakini uchunguzi huo huo wasema kuwa watumiao tumbaku isiyo ya moshi, yaani ya kutafuna na kunusa, ni 38 katika 1,000. Karibu mara tano ya wale. Na kwa upande wa wanaume, wavutao ni 151 katika 1,000. Basi kwa mja mzito wa kwetu tumbaku ina milango miwili: mlango wa shavu lake mwenyewe, na mlango wa mdomo wa mumewe. Mlango wa tatu umefunguliwa siku hizi katika mabaraza ya ufukweni Diani na Ukunda, nao ni shisha, ambayo vijana wa kike hudhani kuwa ni mvuke wa matunda. Si mvuke wa matunda. Ni tumbaku iliyotiwa asali na manukato, na makaa yake hutoa sumu juu ya sumu. Wizara ya Afya iliitangazia marufuku Desemba 2017, na waivutao wangalipo.

Matabibu wameifunua njia ambayo kwayo tumbaku humfikia mtoto. Mtoto tumboni havuti pumzi kwa mapafu yake. Pumzi yake na riziki yake vyote humjia kwa damu ya mama, kupitia kondo la nyuma na kitovu. Katika tumbaku mna sumu iitwayo nikotini, nayo huibana mishipa ya damu, hata ile inayokwenda kwenye kondo. Na katika moshi mna hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo hukaa katika chembe nyekundu za damu mahali pa oksijeni, ikawa damu yapita lakini haikubeba ilichotumwa. Mfano wake ni mfereji wa shamba uliozibwa nusu, kisha hayo maji machache yapitayo yakawa ya chumvi. Mche utaota, lakini utaotaje?

Ndiyo sababu mtoto wa mvutaji huzaliwa mdogo, chini ya kilo 2.5, au huzaliwa njiti, kabla ya kutimia wiki 37, au kondo hubanduka kabla ya wakati wake, mama akamwaga damu nyingi, au mtoto hutoka amekwisha kufa. Akitoka salama na moshi ukamfuata chumbani, huwa karibu zaidi na kifo cha ghafla usingizini, na homa ya mapafu, na pumu, na maradhi ya masikio. Ama tumbaku ya kutafuna, haina moshi, lakini nikotini yake yaingia katika damu kwa ukuta wa shavu, nayo pia imethibitika kuwaletea wajawazito watoto wenye uzito mdogo, na watoto njiti, na wanaozaliwa wafu. Asidanganyike mtu kwa kuona haifuki. Na popoo nayo, hata ikitafunwa bila ya tumbaku, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeihesabu tangu 2004 kuwa ni katika vitu visababishavyo saratani. Tena sisi twakaa katika nchi ya malaria, ambapo damu ya mja mzito aghalabu imekwisha kupungua kwa homa na kwa kukosa chakula cha kuleta damu. Kumwongezea tumbaku mtu wa namna hii ni kuutia msumari moto juu ya donda.

Yako maneno mawili wasemayo mama zetu katika kuitetea tambuu, na inatupasa kuyajibu kwa adabu, kwa sababu wasemao ni watu wenye heshima na aliowazaa wako hai. La kwanza, kuwa huondoa kichefuchefu cha mimba changa. La pili, kuwa mtoto mdogo hutoka kwa urahisi. Tuseme hivi. Ni kweli tumbaku huikata hamu ya kula, na asiyekula hana cha kutapika. Lakini njaa si dawa. Kichefuchefu hutulizwa kwa kula kidogo kidogo mara nyingi, na kwa kitu kikavu asubuhi kabla ya kuondoka kitandani, na kwa tangawizi. Kikizidi hata mtu hashiki maji tumboni, hiyo ni safari ya hospitali, wala si ya kijaluba. Na mtoto mdogo si mtoto wa urahisi. Mtoto aliyedhoofishwa tumboni huchoka katika uchungu wa uzazi kabla ya mwenziwe, hushindwa kuhifadhi joto la mwili wake, hushindwa hata kulivuta ziwa. Urahisi wa saa moja kwa mama, ukiwapo, huwa ndio uzito wa miaka kwa mtoto. Ama wasemao kuwa anayeitaka tumbaku ni pepo wala si yeye, na kwamba pepo akinyimwa ataudhika, maneno hayo hayastahili jawabu refu: Muislamu hamchi pepo akamtoa mwanawe sadaka.

Atauliza mwanafunzi: mbona wanazuoni wamekhitilafiana juu ya hukumu ya tumbaku? Ni kweli wamekhitilafiana. Tumbaku ilipoingia katika nchi za Waislamu, karibu na mwaka 1000 wa Hijra, Sheikh Ibrahim al-Laqani, aliyekufa mwaka 1041, aliandika kitabu cha kuwanasihi watu waiepuke; na Sheikh Ali al-Ajhuri, aliyekufa mwaka 1066, akaandika cha kuihalalisha; na baada yao Sheikh Abdulghani an-Nabulsi wa Damaskasi akaitetea. Katika Mashafii, al-Qalyubi aliikataza. Lakini soma vizuri, ndugu yangu. Al-Ajhuri hakumhalalishia aliyedhurika nayo. Hoja yake ilisimama juu ya dhana kuwa haiondoi akili wala haimdhuru mtu mzima wa afya. Dhana hiyo leo imeanguka. Na lau tungeiacha isimame, basi mtoto tumboni si mtu mzima wa afya, wala hakuulizwa kama aitaka. Hapa khitilafu ya wanazuoni haimfai mvutaji kitu, kwa sababu kanuni wanayoafikiana wote, iliyotolewa katika hadithi ya kwamba hapana kudhuru wala kudhuriana, yaikata njia kabla hajafika kwenye khitilafu. Anayejidhuru mwenyewe tutajadiliana naye. Anayemdhuru asiyeweza kukimbia, hapana mjadala.

Na neno hili kwanza ni la wanaume. Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2007 imekataza kuvuta katika mahali pa watu wote, na twaona hata katika matatu ya Likoni hapana avutaye. Lakini hapana askari aingiaye chumbani kwa mtu. Humo chumbani mwenye amri ni mume, naye ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Mkewe hawezi kumwambia toka nje. Pengine amezoea kustahi, pengine aogopa. Basi amwone mtu mkewe anavyojifunika leso puani, asingoje kuambiwa. Na hata anayetoka nje akavuta barazani kisha akaingia akampakata mtoto, moshi ungali katika nguo zake na ndevu zake. Amepunguza madhara, hakuyaondoa. Kwa mtu aliyezoea, dalili kuwa aweza kuacha anayo mwenyewe kila mwaka: katika Ramadhani hukaa tangu alfajiri hadi magharibi, saa kumi na tatu na zaidi, na hafi. Mwenye kuziweza saa kumi na tatu kwa kumwogopa Mola wake amekwisha kuonja kuacha.

Tena afanye hesabu. Sigara tano kwa siku, katika miezi tisa, hupita 1,300. Azizidishe kwa bei anunuliayo dukani, aone ni mayai mangapi, ni samaki wangapi wa pale Gazi au Shimoni, ni maziwa kiasi gani ambayo mkewe hakuyapata. Mwenyezi Mungu katika Suratut-Talaq, aya ya 6, Amewaamrisha wanaume wawape matumizi hata wake waliowataliki, maadamu wana mimba, mpaka wazae. Ikiwa mtalikiwa mwenye mimba hulishwa, mke aliye ndani ya nyumba itakuwaje?

Na hapa twaingia katika chakula, kwa kuwa mambo haya mawili hayaachani: tumbaku humkondesha mama na mtoto, na wako wanaoogopa kuiacha kwa kuogopa kunenepa. Katika mambo ya uzito wa mja mzito, watu wetu wamegawanyika makundi mawili, na yote mawili yamekosa njia. Kundi moja humnyima: asile mayai, asile samaki fulani, apunguze chakula ili mtoto asiwe mkubwa, na mara nyingi mwenye kukosa ndiye huyo huyo aliyekuwa mwembamba tangu hapo, apikaye kwa wote na kula mwisho. Kundi la pili humwambia ale kwa watu wawili, basi asubuhi mahamri kwa chai ya sukari nyingi, mchana wali wa nazi, jioni viazi vya karai na soda, na akae, kwa kuwa mja mzito hafanyi kazi.

Kipimo cha matabibu si hiki wala si kile. Mwanamke aliyeshika mimba na uzito wake ni wa wastani, hutazamiwa aongezeke baina ya kilo 11.5 na 16 mpaka azae. Aliyekuwa mwembamba sana yafaa aongezeke zaidi, hata kilo 18. Aliyekuwa mnene hutoshewa na baina ya 7 na 11.5, na mnene sana baina ya 5 na 9. Wala si mafuta matupu hayo: mna mtoto, mna kondo, mna maji ya uzazi, mna damu iliyozidi, na mna akiba aliyoiweka Mwenyezi Mungu kwa ajili ya maziwa. Katika miezi mitatu ya kwanza mama hahitaji kuongeza chakula chochote juu ya chakula chake cha kawaida, ikiwa hicho cha kawaida kilikuwa kikitosha. Baadaye huhitaji ziada ndogo tu, kiasi cha mlo mmoja mdogo: yai na muhogo, au kunde na chapati moja. Hakuna watu wawili hapo. Kuna mtu mmoja na robo, na robo yenyewe yataka ubora kuliko wingi. Mchicha na mtsunga, kunde na pojo, dagaa na samaki, maembe na machungwa ya mashamba yetu. Na vidonge vya kuleta damu vitolewavyo kliniki, ambavyo wengi huvitupa kwa kuwa huwachafua tumbo. Wasivitupe, wamwambie muuguzi.

Mwenyezi Mungu katika Suratul-A'araf, aya ya 31, Ametuamrisha kula na kunywa na Akatukataza israfu. Na katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, Mtume amegawanya tumbo mafungu matatu, la chakula na la maji na la pumzi. Mja mzito aliyefika mwezi wa nane anaijua maana ya fungu la pumzi kuliko sisi sote. Unene uliopita kiasi katika mimba una khatari zake: kisukari cha mimba, na shinikizo la damu, na kifafa cha mimba, na mtoto mkubwa asiyepita ikabidi upasuaji. Dawa yake si kujinyima chakula katika mimba, jambo ambalo halifai, bali ni kuacha sukari na vya kukaangwa, na kutembea. Matabibu wanamtaka mja mzito asiye na maradhi ya kumzuia atembee au afanye kazi ya kumwamsha pumzi kiasi cha dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa siku tano. Hapana haja ya mahali pa pekee. Njia ya kutoka nyumbani hadi kwa mamake, na kurudi, yatosha.

Wala mtu asije akafanya maneno haya kuwa kisu cha kumchomea mkewe. Imepokewa katika Abu Daud kuwa Bibi Aisha alishindana mbio na Mtume katika safari, akamshinda. Zikapita siku, akawa amejaa mwili, wakashindana tena, Mtume akamshinda, akamwambia kwa mzaha kuwa hii ni badala ya ile. Tena imepokewa kutoka kwake kuwa mamake alitaka anenepe kabla hajaingia nyumbani kwa mumewe, akawa halishiki neno mpaka alipolishwa matango na tende mbivu. Tazama basi: wembamba ulitibiwa kwa chakula chema, na unene ukapokewa kwa mbio na kicheko. Mume amwambiaye mkewe aliyezaa juzi kuwa ameharibika mwili, naye ndiye aliyemzalia, hana sunna aliyoifuata.

Juu ya kufunga: mja mzito na mwenye kunyonyesha wamepewa rukhsa, na rukhsa ni sadaka ya Mwenyezi Mungu, haikataliwi kwa kiburi. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, akijikhofia nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, hula na atalipa siku zile; akimkhofia mtoto peke yake, hula, na atalipa, na atatoa kwa kila siku kibaba kimoja cha chakula cha mji. Aliyefunga na mtoto akapunguza kucheza tumboni, asingoje magharibi. Na yuko anayefunga ili apungue unene akiwa ananyonyesha mtoto wa mwezi mmoja. Huyo ameichanganya ibada na jambo jingine, na ziwa litampungukia.

Baada ya kuzaa huja arobaini, na hapo ndipo kazi yote ya miezi tisa huweza kubomoka. Arobaini kwa asili yake ni kheri: mama hupumzishwa, hukandwa maji ya moto, hupikiwa. Sheria imeijua hali hii, ikamwondolea sala katika nifasi, ambayo aghalabu ni siku arobaini na upeo wake katika madhehebu yetu ni sitini. Lakini angalieni jambo hili. Huyo aliyekuwa akirukuu na kusujudu mara tano kwa siku sasa harukuu. Aliyekuwa akiteka maji hateki. Na wakati huo huo analetewa uji wa samli, na supu yenye mafuta, na halua ya wageni. Arobaini ikisha, mkaja ukafunguliwa, uzito uliopaswa kuondoka umebaki, na mimba ya pili huja juu yake, na ya tatu. Haikupasa mzazi anyimwe. Mwenye kunyonyesha huhitaji chakula kumpita hata mja mzito, na kunyonyesha kwenyewe, ambako Mwenyezi Mungu katika Suratul-Baqara, aya ya 233, Amekuwekea muda wa miaka miwili kamili kwa mwenye kutaka kutimiza, ni katika sababu za kuurudisha mwili taratibu. Supu na iwe ya samaki au kuku aliyetolewa mafuta. Uji na uwe wa wimbi bila ya sukari nyingi. Naye atembee uani kwake tangu siku anapoweza, asilazwe kama mgonjwa. Aliyepasuliwa afuate agizo la hospitali. Kilo moja au mbili kwa mwezi zikipungua, yatosha.

Jambo la pili la arobaini ni moshi. Chetezo huwekwa uvunguni mwa kitanda, udi na ubani na makaa, mlango umefungwa, na mtoto wa siku tatu yumo. Manukato ni sunna, lakini moshi ni moshi, uwe wa udi au wa sigara au wa kuni. Mapafu yake hayajui kuwa ule ni wa baraka. Nguo zifukizwe uani, kisha zivaliwe. Na mwenye kupikia kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha, mja mzito asiwe ndiye apulizaye moto.

La tatu ndilo lililonikalisha kuandika. Wako wanawake wengi ambao Mwenyezi Mungu huwaafikia wakaiacha tumbaku tangu wajue wana mimba. Na aachaye katika miezi mitatu au minne ya mwanzo, mtoto wake huzaliwa akikaribia kabisa uzito wa mtoto wa asiyetumia. Kisha wanapozaa wengi huirudia. Huirudia kwa sababu hawakuiacha kwa ajili yao, waliiweka amana. Na kwa sababu wageni wa arobaini huja na vijaluba vyao, tambuu na chokaa na popoo na tumbaku, na mama mzazi hukaribishwa kama anavyokaribishwa kahawa, akikataa huulizwa kama amekuwa mtu mkubwa. Nikotini yaingia katika maziwa. Basi aliye na mzazi nyumbani awatangulie wageni kwa neno jema, awaambie kuwa nyumba hii sasa haina uraibu. Mama mkwe akilisema yeye, hapana atakayekasirika. Na mwenye kuacha ajue kuwa shauku huja kwa nguvu na hupita kwa dakika chache. Anywe maji, ashike udhu hata kama yumo katika nifasi kwa ajili ya usafi tu, atafune karafuu au iliki, asimame atembee. Akiteleza siku moja, asiseme yamekwisha. Arejee siku ile ile. Na aliyeshindwa kabisa asimnyime mtoto ziwa kwa ajili hiyo, kwa kuwa maziwa yake yangali bora kuliko ya kopo. Atafune baada ya kunyonyesha wala si kabla, ajitahidi kupunguza, na amweleze tabibu ukweli.

Kusema ukweli huko kliniki ni jambo linalowashinda wengi. Muuguzi huuliza, «Watumia tumbaku?» Mama hujibu hapana, kwa haya. Kuficha maradhi kwa mwenye kutibu si haya ya Kiislamu. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 limeagiza mja mzito aonwe mara nane, na mara ya kwanza kabla ya kutimia wiki 12. Kila mara hupimwa uzito na shinikizo la damu, na huandikwa katika kitabu chake cha kliniki. Mume ajuaye kusoma akichukue kitabu hicho akisome nyumbani, aone uzito wapanda vipi. Ukikaa mahali pamoja miezi miwili, au ukaruka kilo kadha kwa wiki moja na miguu na uso vikavimba, hilo si la kungojea siku ya kliniki. Ni la kupanda gari usiku ule kwenda Msambweni au hospitali iliyo karibu.

Imeulizwa pia katika darasa kama mume aliyemshauri mkewe aache tumbaku naye angali anavuta, ushauri wake wakubaliwa. Jawabu: wakubaliwa, kwa kuwa haki ni haki hata ikitoka kwa asiyeitenda, na mke hana udhuru wa kuikataa. Lakini mume atakuwa na hisabu mbili, ya moshi wake na ya kauli yake. Wallahu a'alam.